Kuufuatilia Moyo Uliopandikizwa Ukiwa Nyanda za Juu Kusini: Vipimo vya Kinga na Afya ya Mishipa

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyepandikizwa moyo nje ya nchi kisha akarudi kuishi Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe, kwa ndugu wanaomuuguza, na kwa wahudumu wa afya watakaompokea katika hospitali iliyo karibu naye. Unahusu ugonjwa wa mishipa ya damu ya moyo uliopandikizwa, ambao ni miongoni mwa sababu kubwa za moyo huo kushindwa kazi baada ya mwaka wa kwanza kupita salama, pamoja na vipimo vya kinga ya mwili vinavyoweza kutoa onyo kabla mishipa haijaziba. Maamuzi ya matibabu yanabaki mikononi mwa kituo kilichofanya upandikizaji. Kinachoelezwa hapa ni namna ya kukifikishia kituo hicho taarifa sahihi, kwa wakati wake, wakati mgonjwa yuko mbali nacho kwa maelfu ya kilomita.

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba moyo uliopandikizwa kwa kawaida hauumi. Upasuaji hukata nyuzi za fahamu zinazounganisha moyo na ubongo, na kwa sababu hiyo mshipa wa moyo unapoziba, yale maumivu makali ya kifua yanayosambaa hadi mkono wa kushoto au kwenye taya mara nyingi hayatokei. Kwa baadhi ya watu nyuzi hizo huota upya kwa sehemu baada ya miaka kadhaa, lakini hakuna anayepaswa kungoja maumivu ndipo aende hospitali. Mtu anaweza kushinda shambani Uyole asubuhi nzima, akarudi nyumbani akala akalala vizuri, huku mishipa ya moyo wake ikiendelea kusinyaa. Kwa hiyo neno "najisikia vizuri" tulifurahie, ila tusilitumie kuahirisha kipimo hata kimoja.

Kinachotokea ndani ya mishipa

Ugonjwa huu una umri sawa na upandikizaji wenyewe. Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa binadamu kwa mara ya kwanza tarehe 3 Desemba 1967 huko Cape Town, na mgonjwa wake Louis Washkansky aliishi siku 18 tu kabla ya kufa kwa nimonia. Mgonjwa wa pili wa Barnard, Philip Blaiberg, alipandikizwa tarehe 2 Januari 1968 na akaishi zaidi ya miezi 19. Alipofariki Agosti 1969, mishipa ya moyo alioupokea ilikutwa imeharibika vibaya, ingawa moyo huo ulitoka kwa kijana wa miaka 24. Umri wa kijana yule hauwezi kueleza uharibifu wa namna hiyo.

Chanzo kikubwa ni kinga ya mwili. Ukuta wa ndani wa mishipa ya moyo uliopandikizwa umefunikwa na seli za mchangiaji, na seli hizo hubeba alama za utambulisho ziitwazo HLA. Damu ya mpokeaji hupita juu ya seli hizo saa zote, hivyo mishipa ndiyo mahali ambapo kinga ya mpokeaji hukutana na ugeni kwanza. Seli nyeupe za damu na kingamwili, yaani protini za damu ambazo kinga hutengeneza dhidi ya kitu kigeni, zikizishambulia seli hizo kidogokidogo, ukuta hujaribu kujitibu, seli za misuli ya mshipa huongezeka na kuhamia upande wa ndani, na njia ya damu hupungua. Ugonjwa wa kawaida wa mishipa ya moyo, ule wa mafuta, ni kama jiwe lililoangukia sehemu moja ya mfereji wa umwagiliaji, bali huu ni tope linalojaa mfereji mzima hadi kwenye vijito vyake vidogo. Ndiyo maana kuzibua sehemu moja kwa puto na kuweka kichuma cha kutanua mshipa husaidia kwa kiasi tu, na ugonjwa ukifika mbali tiba inayobaki ni kupandikizwa tena, jambo ambalo ni wachache mno wanaolipata.

Kumbukumbu za kimataifa za upandikizaji zinaonesha kwamba ugonjwa huu huonekana kwa watu karibu 8 kati ya 100 mwaka mmoja baada ya upasuaji, karibu 30 kati ya 100 baada ya miaka 5, na karibu nusu yao baada ya miaka 10. Idadi hizo hazipaswi kumvunja mtu moyo, kwa sababu wengi wao huwa na ugonjwa mdogo unaoweza kucheleweshwa iwapo utagunduliwa mapema.

Faili la kurudi nalo nyumbani

Kazi hii huanza kabla ya kupanda ndege ya kurudi. Omba nakala za karatasi, kisha zipige picha na kuzihifadhi kwenye simu za watu wawili. Ndani ya faili iwemo aina ya HLA ya mgonjwa na ya mchangiaji, majibu ya kingamwili yaliyopimwa kabla ya upasuaji, majibu ya virusi vya CMV (sitomegalovirusi) kwa mpokeaji na kwa mchangiaji, majibu ya vipande vidogo vyote vya nyama vilivyochukuliwa kwenye moyo kwa uchunguzi, picha za kwanza za mishipa, na orodha ya dawa ikionesha kiwango ambacho kituo kinataka kikutwe kwenye damu.

Aina ya HLA ya mchangiaji ndiyo inayosahaulika mara nyingi, ilhali bila hiyo kipimo cha kingamwili hupoteza nusu ya maana yake. Maabara inaweza kukuambia kwamba damu ina kingamwili dhidi ya alama fulani, lakini haiwezi kukuambia kama alama hiyo iko kwenye moyo wako. Kituo kinaweza kutoa taarifa hii bila kutaja jina la mchangiaji, kwa hiyo usikubali kuondoka bila kuipata. Picha za kwanza za mishipa nazo zina kazi yake, kwa maana moyo unaweza kuja na kasoro ndogo uliyoirithi kutoka kwa mchangiaji. Asiye na picha za mwanzo hawezi kutofautisha kasoro hiyo ya zamani na ugonjwa mpya.

Kiwango cha dawa kwenye damu

Kipimo cha kinga ambacho mtu wa Nyanda za Juu atakifanya mara nyingi kuliko vyote ni cha kiwango cha dawa ya kupunguza kinga, hasa takrolimusi, au siklosporini kwa baadhi ya watu. Nakiweka mbele ya vipimo vya kisasa kwa sababu kiwango kikishuka, au kikipanda na kushuka kila mwezi, kinga hupata mwanya wa kutengeneza kingamwili mpya, na kingamwili hizo ndizo zinazotangulia ugonjwa wa mishipa kwa wagonjwa wengi. Vituo vingi hulenga takrolimusi ya nanogramu 10 hadi 15 kwa mililita katika miezi ya mwanzo, kisha 5 hadi 10 baadaye, lakini lengo la kufuata ni lile lililoandikwa kwenye faili la mgonjwa mwenyewe.

Kipimo hiki huharibiwa kwa urahisi na saa ya kumeza dawa. Damu inatakiwa itolewe saa 12 baada ya dozi ya mwisho kwa anayemeza mara mbili kwa siku, au saa 24 kwa anayemeza vidonge vya mara moja kwa siku, na katika hali zote mbili itolewe kabla dozi inayofuata haijamezwa. Mfikirie mtu anayetoka Tukuyu kwenda Mbeya mjini kupima. Ameamka alfajiri, ameandaliwa chai na viazi, na kwa mazoea anameza dawa yake kabla ya kwenda kituo cha basi. Damu yake itakapotolewa saa tatu asubuhi itaonesha kiwango kikubwa kisicho cha kweli, na daktari akikiamini atapunguza dozi ya mtu ambaye pengine alihitaji kuongezewa. Kwa anayeishi mbali na maabara, nashauri saa za dawa zipangwe na kituo kuwa saa tatu asubuhi na saa tatu usiku, ili siku ya kipimo isimlazimishe kuvuruga ratiba. Kidonge cha asubuhi kikae mfukoni, damu ikishatoka kimezwe hapohapo kwa maji.

Kwenye dirisha la maabara sema waziwazi: "Ndugu yangu, naomba uandike kwenye fomu kwamba dozi ya mwisho nilimeza jana saa tatu usiku, na ya leo asubuhi bado sijameza." Damu ya takrolimusi huwekwa kwenye chupa yenye mfuniko wa zambarau, na hupimwa ikiwa nzima bila kuzungushwa kwenye mashine ya kutenganisha, kwa kuwa sehemu kubwa ya dawa hukaa ndani ya chembe nyekundu. Ikibidi sampuli isafirishwe hadi maabara ya mbali, iwekwe kwenye kisanduku cha baridi, na jina, tarehe na saa viandikwe kwenye chupa yenyewe, kwa sababu fomu peke yake hupotea.

Mambo ya kawaida kabisa hubadilisha kiwango hiki. Kuharisha kwa siku kadhaa hupandisha takrolimusi kwenye damu, kinyume na wengi wanavyodhani. Erithromaisini, klarithromaisini, flukonazoli na ketokonazoli huipandisha sana, na baadhi ya dawa hizi hupatikana kwenye duka la dawa mtaani bila maswali mengi. Rifampisini, iliyomo katika tiba ya kawaida ya kifua kikuu, huishusha kwa kasi kiasi cha kuweza kuleta kukataliwa kwa moyo, yaani kinga kuushambulia, ndani ya muda mfupi. Dawa za kifafa aina ya fenitoini na kabamazepini hufanya vivyo hivyo, na katika dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI efavirenzi huishusha ilhali ritonaviri huipandisha kupita kiasi. Mgonjwa akigundulika na kifua kikuu, kliniki ya kifua kikuu na kituo cha upandikizaji ni lazima wazungumze kabla ya kidonge cha kwanza kumezwa, na baada ya hapo kiwango kipimwe kwa karibu sana. Asiache tiba ya kifua kikuu kwa woga, na asiianze kimyakimya.

Kuhusu malaria, mji wa Mbeya na milima ya Makete hazina mbu wengi kama Kyela au bonde la Usangu, na mtu anayeshuka huko kwa msiba au kwa biashara ya mchele alale ndani ya chandarua. Akipata homa apimwe siku hiyohiyo, atibiwe, na kituo kijulishwe kuhusu dawa mseto aliyopewa. Diklofenaki na ibuprofeni ziepukwe, kwa sababu figo tayari zimebeba mzigo wa takrolimusi. Dawa za miti shamba zisimezwe, hata zikitolewa na mzee anayeheshimika kwa nia njema kabisa, maana hakuna anayeweza kueleza zitafanya nini kwenye kiwango cha dawa.

Kusoma majibu ya kingamwili

Kingamwili zinazolenga HLA za mchangiaji ndizo alama ya kinga yenye uhusiano ulio wazi zaidi na ugonjwa wa mishipa. Zipo zinazokuwepo kabla ya upasuaji, hasa kwa mama aliyebeba mimba kadhaa, mtu aliyewahi kuongezewa damu, au aliyewahi kupandikizwa kiungo kingine. Zipo pia zinazozaliwa baadaye, na hizi hutisha zaidi zikibaki kwenye damu kipimo baada ya kipimo. HLA zimegawanyika katika daraja la I na daraja la II, na kingamwili za daraja la II, hususan zile zinazolenga alama ya DQ, ndizo zinazotajwa zaidi kwa wagonjwa wanaopata ugonjwa wa mishipa.

Sampuli yake ni seramu, yaani damu iliyotolewa kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, ikaachwa igande, ikatenganishwa. Hii ni tofauti na ile ya takrolimusi, na ni vyema mtaalamu wa maabara akumbushwe, kwa kuwa chupa mbili zikitoka kwa mtu mmoja asubuhi moja ni rahisi zote zikapitishwa kwenye mashine ileile. Seramu inaweza kugandishwa na kusafirishwa ikiwa kwenye barafu. Vituo vingi hupima kingamwili hizi mwezi wa 1, wa 3, wa 6 na wa 12 baada ya upasuaji, kisha angalau mara moja kila mwaka, na pia kila inapotokea kwamba dawa zilipunguzwa, zilikosekana, au nguvu ya moyo imeshuka bila sababu inayoeleweka.

Majibu huja na namba inayoitwa MFI, inayoonesha ukali wa mwanga uliopimwa kwenye shanga ndogo zilizobeba alama za HLA. Maabara nyingi huanza kuitilia maanani namba inayozidi 1,000 au karibu na hapo, lakini hakuna kiwango kimoja kilichokubaliwa na dunia nzima, na namba ya maabara moja hailingani moja kwa moja na ya nyingine. Kwa hiyo chagua maabara moja na ubaki nayo, na soma mwelekeo badala ya kusoma namba moja. Kingamwili iliyokuwa 1,500 ikawa 1,300 kisha 900 ina habari tofauti kabisa na ile iliyotoka 900 ikafika 4,000 na kuendelea kupanda. Baadhi ya maabara hupima pia kama kingamwili zinashika protini ya C1q, yaani kama zina uwezo wa kuamsha mfumo wa kinga unaotoboa seli, na zenye uwezo huo huhesabiwa kuwa za hatari zaidi.

Ukipokea karatasi inayosema kingamwili mpya zimeonekana, usibadilishe dawa yoyote mwenyewe. Itume karatasi hiyo kwa kituo ikiambatana na viwango vya takrolimusi vya miezi sita iliyopita, majibu mapya ya ekokadiografia (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), na maelezo ya ukweli kuhusu dozi zilizoruka. Hili la ukweli nalisisitiza kwa dhati. Mgonjwa anayekaa Ludewa au Makete anaweza kukosa dawa kwa wiki nzima kwa sababu mzigo haujafika, akaona haya kusema, na daktari aliye mbali akaamini kwamba kingamwili zimezaliwa licha ya dawa. Hapo ataelekea kuongeza dawa nzito, au kuchuja kingamwili kwenye damu kwa mashine, ilhali tatizo lilikuwa kukosekana kwa vidonge. Ndugu wanaomuuguza wanaweza kusaidia kwa kuhesabu vidonge vilivyobaki kila Jumapili na kuagiza vingine vikiwa vimebaki vya mwezi mmoja.

Jambo jingine linalozalisha kingamwili ni kuongezewa damu. Mgonjwa akihitaji damu kuokoa maisha apewe bila kusita, lakini asiongezewe kwa upungufu mdogo unaoweza kutibiwa kwa njia nyingine, na pale inapowezekana iwe damu iliyochujwa chembe nyeupe, ambayo pia hupunguza hatari ya kuambukizwa CMV.

Alama nyingine

Vipo vipimo vya kisasa zaidi, na ndugu waliosoma mtandaoni huviulizia. Kimoja hupima vipande vya DNA ya mchangiaji vinavyoelea kwenye damu ya mpokeaji, kwa kuwa seli za moyo zikiumizwa huachia DNA yake, na kiwango kinachozidi karibu asilimia 0.2 hutiliwa shaka na maabara nyingi. Kingine husoma namna jeni fulani za seli nyeupe zinavyofanya kazi na kutoa alama kati ya 0 na 40. Vyote viwili vilibuniwa hasa kugundua kukataliwa kwa moyo kwa ghafla, si kupima unene wa mishipa, na cha DNA huhitaji chupa maalumu inayozuia seli nyeupe zisipasuke njiani. Kama kituo chako kinavitumia, vifanye utakapokwenda kliniki huko. Kama hakivitumii, usiuze shamba ili kuvipata. Vipimo vya damu vya protini za moyo, troponini na BNP, husaidia kuonesha kwamba moyo unaumia au umezidiwa, bila kusema chanzo ni nini.

Virusi vya CMV vinastahili kutajwa peke yake, kwa sababu maambukizi yake huamsha kinga na huhusishwa na kuharakishwa kwa ugonjwa wa mishipa. Hatari ni kubwa zaidi pale mchangiaji alipokuwa navyo na mpokeaji hakuwa navyo. Homa isiyoelezeka, kuharisha kwa muda mrefu na seli nyeupe zilizoshuka ni sababu ya kuomba kipimo hicho.

Kuipima mishipa yenyewe

Hakuna kipimo cha damu kinachochukua nafasi ya kuitazama mishipa. Angiografia ya mishipa ya moyo, ambapo mrija mwembamba hupitishwa kwenye mkono au kwenye nyonga na dawa ya picha kumiminwa, hufanywa kila mwaka au kila miaka miwili katika vituo vingi. Kwa mgonjwa wa kwetu kipimo hiki hufanyika Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, au huunganishwa na safari ya kliniki nje ya nchi. Kwa kuwa ugonjwa husambaa sawasawa kwenye mshipa mzima, angiografia inaweza kuonesha mshipa mwembamba unaoonekana laini na wa kawaida. Kwa sababu hiyo vituo vyenye uwezo huongeza kipimo cha mawimbi ya sauti ndani ya mshipa, na ukuta ukiongezeka unene kwa nusu milimita au zaidi katika mwaka wa kwanza, hiyo ni dalili ya hatari kwa miaka inayofuata.

Kabla ya safari pima kreatinini, kipimo cha damu kinachoonesha kazi ya figo, na mjulishe daktari kama unatumia metifomini, dawa ya kisukari, kwa maana dawa ya picha inaweza kulemea figo zilizokwisha choka. Nenda na picha za mwaka uliopita. Ripoti ya maandishi peke yake haitoshi kulinganishia.

Mwaka 2010 Jumuiya ya Kimataifa ya Upandikizaji wa Moyo na Mapafu iliugawa ugonjwa huu katika madaraja kuanzia 0 hadi 3. Daraja la 0 ni mishipa isiyoonesha kasoro. La 1 ni ugonjwa mdogo, shina la kushoto, yaani sehemu ya mwanzo ya mshipa wa kushoto wa moyo, likiwa limepungua chini ya asilimia 50 na mishipa mingine chini ya asilimia 70. La 2 ni pale mshipa mkuu mmoja, au matawi ya mifumo miwili kati ya mitatu ya mishipa ya moyo, yamefikia asilimia 70 au kuzidi. La 3 ni pale shina la kushoto limefikia asilimia 50, au mishipa mikuu miwili na zaidi imefikia 70, au matawi ya mifumo yote mitatu yamefikia hapo. Kisha kipo kifungu ambacho wengi hukiruka: mgonjwa wa daraja la 1 au la 2 huhesabiwa kuwa wa daraja la 3 iwapo uwezo wa moyo kusukuma damu umeshuka hadi asilimia 45 au chini yake, au moyo umekakamaa usiweze kujaa vizuri. Maana yake ni kwamba ekokadiografia iliyofanywa katika hospitali ya rufaa huku kwetu inaweza kubadilisha daraja la ugonjwa hata kabla ya angiografia nyingine. Ifanywe kila baada ya miezi michache kwa ratiba ya kituo, na namba ya asilimia ya kusukuma iandikwe, badala ya neno "nzuri" pekee.

Kinachopunguza kasi ya ugonjwa

Statini, dawa za kushusha mafuta kwenye damu, hutolewa kwa karibu kila aliyepandikizwa moyo, hata kama mafuta yake kwenye damu hayako juu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulionesha kwamba pravastatini ilipunguza ugonjwa wa mishipa na kuongeza maisha katika mwaka wa kwanza. Anayetumia siklosporini asibadilishiwe statini ovyo, hasa asipewe simvastatini, kwa kuwa mchanganyiko huo unaweza kuyeyusha misuli na kuharibu figo. Maumivu makali ya misuli na mkojo wa rangi ya chai ya rangi ni dharura. Sirolimusi na everolimusi, ambazo nazo ni dawa za kupunguza kinga, zimeonekana kuchelewesha kunenepa kwa ukuta wa mishipa, na kituo kinaweza kumhamishia mgonjwa huko ugonjwa unapoanza. Dawa hizo hupandisha mafuta, huleta vidonda mdomoni na huchelewesha kupona kwa majeraha, kwa hiyo mtu akitakiwa kufanyiwa upasuaji wowote, hata wa ngiri, mpasuaji aambiwe mapema.

Shinikizo la damu lipimwe nyumbani na kuandikwa. Sukari ipimwe. Sigara na ugoro viachwe kabisa. Chakula cha Rungwe na Njombe ni chema, lakini takrolimusi hupandisha potasiamu, na ndizi, viazi na parachichi vyote vina potasiamu nyingi, kwa hiyo ipimwe pamoja na figo kabla mtu hajaambiwa ale au aache. Balungi lisiliwe wala kunywewa juisi yake, kwa maana hupandisha kiwango cha takrolimusi. Maziwa yachemshwe mpaka yafure, na ulanzi na pombe nyingine za kienyeji ziachwe. Kupukuchua mahindi yenye ukungu au kufagia ghala lenye vumbi kufanywe na mtu mwingine, kwa sababu ukungu unaovutwa puani unaweza kuota kwenye mapafu ya mtu ambaye kinga yake imepunguzwa.

Dalili za kutosubiri na kadi ya dharura

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona pumzi inakatika kwa kazi uliyoiweza wiki iliyopita, miguu imevimba, uzito umepanda ghafla, mapigo yanaruka, uchovu usioelezeka, au umezimia hata kwa dakika moja. Kwa mtu mwenye moyo wa kupandikizwa, kuzimia na kukosa pumzi vinaweza kuwa ndiyo namna pekee ya moyo kusema kwamba mshipa umeziba. ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na troponini vifanywe hata kama mgonjwa anasema kifua hakimuumi.

Mhudumu wa zamu ya usiku huenda hajawahi kumwona mtu wa namna hii, na ni haki yake kupewa maelezo. Tengeneza kadi ngumu yenye maneno machache: tarehe ya upandikizaji, dawa na dozi zake, mapigo ya kawaida ya mgonjwa akiwa amepumzika, ambayo mara nyingi huwa kati ya 90 na 110 kwa dakika, maelezo kwamba atropini haitarajiwi kuongeza mapigo ya moyo huu, na onyo kwamba adenosini ya dozi ya kawaida inaweza kuusimamisha kwa muda mrefu kuliko moyo mwingine. Andika pia kwamba chanjo zenye virusi hai, ikiwemo ya homa ya manjano, haziruhusiwi, na kwamba dozi za dawa za kupunguza kinga zisikatishwe wakati wa kulazwa bila kituo kuulizwa. Nakala moja ikae kwenye pochi ya mgonjwa, nyingine kwa ndugu anayelala naye nyumba moja, na zote mbili ziwe na namba ya kituo inayopokelewa usiku.